Fremu chini, fleti juu: vyumba vya kupangisha vilipotelea wapi? Uchambuzi wa kisa kutoka Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu kipande cha mtaa mmoja wa zamani ndani ya Jiji la Dodoma, kilichobomolewa kwa awamu ili kipishe maduka na makazi ya ghorofa. Jina la mtaa, mwekezaji, ofisi zilizosimamia na watu wote wameondolewa. Idadi za mtaani zimekadiriwa, na baadhi zimesogezwa kidogo ili mtaa usitambulike. Vifungu vya sheria na tarehe za kitaifa viko kama vilivyo. Nimewaandikia zaidi maofisa mipango miji, wathamini na viongozi wa mitaa, lakini mwenye nyumba anayesikia tetesi kwamba mtaa wake "unakuja kuendelezwa" anaweza kupata la kuuliza kwenye kikao.

Usuli

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na kwa zaidi ya miaka 40 ardhi ya mji ilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Chini ya utaratibu ule mwananchi wa kawaida aliyepimiwa kiwanja cha makazi alipewa hati ya upangaji, kwa kawaida ya miaka 33, wakati wenzake wa miji mingine walipewa 99. Aliyejenga bila kupimiwa alihesabiwa mvamizi hata kama babu yake alilima uwele palepale kabla mji haujamfikia. CDA ilivunjwa tarehe 15 Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri, na mwaka uliofuata, Aprili 26, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Katikati ya hayo, mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba sasa inahamia kweli. Sensa ya 2012 ilikuta watu takribani 410,000 katika eneo ambalo leo ndilo Jiji. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Watumishi walikuja kwanza, nyumba zikafuata baadaye. Kwa hiyo mitaa ya zamani iliyo karibu na katikati ya mji, ambayo watu walikuwa wameizoea kuiita uswahilini na kuipita, ikawa ghafla na thamani. Madalali walianza kugonga milango kabla mradi wowote haujatajwa.

Kipande chetu kilikuwa na nyumba kama 60, zimebanwa kati ya barabara ya lami kwa mbele na korongo kwa nyuma. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki milimita 600 kwa wastani. Ndiyo maana korongo lilionekana kavu muda mwingi na watu wakaendelea kulisogelea kwa vyoo, mabanda ya kuku, hata vyumba. Mvua kubwa ikishuka usiku mmoja, maji yalipita uani.

Nyumba zenyewe zilikuwa za aina moja: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, choo na jiko nyuma. Kwenye nyumba za mbele, chumba kinachotazama barabara kilitobolewa ukuta kikawekwa mlango wa chuma, kikawa duka. Nyumba 60, lakini kaya zilizolala humo zilizidi 200. Hiyo hesabu ya pili ndiyo kisa kizima, na kwa muda mrefu haikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Mradi ulivyoletwa

Wazo lilikuwa rahisi kueleza. Viwanja vinaunganishwa, mwekezaji anajenga majengo ya ghorofa nne, chini fremu za maduka, juu fleti. Korongo linajengewa mfereji wa zege. Mwenye nyumba ana njia mbili. Ya kwanza ni fidia ya fedha kisha anaondoka. Ya pili ni kubadilishana: thamani ya kiwanja na nyumba yake inageuzwa kuwa fleti, yenye hati yake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, na kama kuna tofauti inalipwa au anaiongezea.

Kamati ya mtaa ilipelekwa Dar es Salaam kutazama Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilizokuwa zimehamishwa zilirudishwa kwenye majengo mapya yaliyozinduliwa Machi 2022. Wakarudi wamefurahi. Ngazi safi, maji ndani, eneo la biashara palepale. Nadhani ziara ile iliwasaidia kuukubali mradi na papo hapo ikawapoteza, kwa sababu Magomeni Kota ilikuwa kota. Waliorudishwa walikuwa wapangaji wa nyumba za umma, na kanuni ya kaya moja fleti moja inawafaa watu wa namna hiyo. Mtaa wetu ulikuwa na mwenye nyumba mmoja na kaya tatu au nne nyuma ya mlango wake, na yeye anakula kutokana na kaya hizo. Kamati ilileta picha nyingi za majengo, wala hakuna aliyeleta swali hilo.

Mtiririko wa matukio

Mkutano wa kwanza ulifanyika nje ya ofisi ya mtaa. Tangazo liliwaita "wananchi wote", lakini daftari la mahudhurio lilikuwa na safu ya namba ya nyumba na jina la mmiliki. Mpangaji aliyefika hakuwa na pa kujiandika. Wachache waliandika jina la baba mwenye nyumba.

Kisha wakaja wathamini. Kila nyumba ilipimwa, ikapigwa picha mwenye nyumba akiwa amesimama mbele yake na kibao cha namba, fomu zikasainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nyumba za urithi zilikwama hapo. Kama nyumba 15 zilikuwa bado na jina la marehemu, na watoto hawajateua msimamizi wa mirathi. Familia moja ilikuwa na ndugu saba katika mikoa minne. Ofisi ya mradi ilifanya jambo la busara hapa: haikuusimamisha mradi mzima, ikaziweka nyumba hizo awamu ya pili na kumleta mtu wa msaada wa kisheria aandike maombi ya Mahakama ya Mwanzo pamoja na familia.

Baada ya fomu, kimya. Fedha za mwekezaji zilichelewa kwa zaidi ya mwaka. Kanuni za fidia za 2001 zinataka riba ilipwe fidia ikichelewa kupita miezi sita, na watu walikuja kulijua hilo kupitia kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyezisoma kanuni mwenyewe. Lakini kuna madhara ambayo riba haiyafidii. Mtu aliyekwishathaminiwa hapaki rangi wala habadilishi bati, kwa kuwa anajua kilichoongezwa baada ya tarehe ya uthamini hakihesabiwi. Mtaa ulianza kuoza. Bati likitoboka linawekewa jiwe na turubai, choo kikijaa hakichimbwi kingine. Waliolala chini ya bati lile walikuwa wapangaji, na kodi hawakupunguziwa.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyekuja na hoja ya kuhama mara moja tu, si mara mbili. Kulikuwa na ghala kuukuu na uwanja wake upande mmoja wa mtaa, mali ya umma, halitumiki. Akasema jengo la kwanza lisimame pale, wenye nyumba wa mbele wahamie humo moja kwa moja, kisha nyumba zao zibomolewe. Mwekezaji hakupenda, alitaka aanzie barabarani ambako fremu zingempa fedha mapema. Wenye nyumba walikataa kusaini mabadilishano mpaka jambo hilo limeandikwa. Likaandikwa.

Jengo la kwanza likasimama, watu wakahamia, nyumba za mbele zikavunjwa, jengo la pili la kando ya barabara likafuata na fremu zake 40. Mfereji wa korongo ulijengwa kabla ya yote mawili.

Bibi na chumba cha mbele

Nikitazama mafaili, naliona jambo lenyewe vizuri zaidi kwenye nyumba moja kuliko kwenye taarifa nzima ya mradi.

Mwenye nyumba ni mjane wa miaka zaidi ya 70. Nyumba yake ina vyumba sita. Viwili analala yeye na wajukuu. Vitatu amepangisha, kila kimoja shilingi 40,000 kwa mwezi. Cha mbele ni duka la mtu wa Kilimanjaro ambaye mtaa mzima unamwita Mangi, anayelipa 80,000. Jumla 200,000 kila mwezi, na kwa bibi hiyo ndiyo pensheni. Mangi pia humkopesha unga mpaka mwisho wa mwezi, na mpangaji wa chumba cha tatu ndiye anayempeleka kliniki kwa bodaboda yake bila malipo.

Siku ya kusaini alimuuliza ofisa, "Mwanangu, hiki chumba cha mbele umekiandika wapi?"

"Kiko humo humo, bibi. Kwenye jumla ya jengo."

Lilikuwa jibu la kweli. Mita za mraba za chumba kile zilikuwa ndani ya jumla. Kilichokosekana ni kile kinachotoka ndani yake kila tarehe 5.

Angechukua fedha, kanuni zingempa thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri (gharama ya kubeba tani 12 za mizigo hadi kilomita 20), na posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya jengo kwa mwezi mara 36. Posho hiyo ya mwisho ingegusa kwa mbali mapato yake ya vyumba. Yeye hakutaka kuondoka mtaani, akachagua fleti. Katika mkataba wa mabadilishano hesabu ilikuwa thamani kwa thamani: kiwanja na jengo upande huu, fleti ya vyumba viwili vya kulala upande ule, tofauti ndogo akalipwa. Posho ya makazi haikuwemo kwa sababu, kwa mantiki ya mkataba, hakukosa makazi hata siku moja.

Akahamia ghorofa ya tatu. Mapato ya 200,000 yakawa sifuri, na juu yake ikaja ada ya huduma ya 25,000 kwa mlinzi, taa za ngazi na pampu. Baada ya miezi kadhaa akafanya walichofanya wengi: fleti akampangisha mtumishi kwa 350,000, yeye akaenda kupanga vyumba viwili pembezoni mwa mji kwa 120,000. Toa ada ya huduma, anabaki na 205,000. Kwenye karatasi hajapoteza kitu. Yuko mbali na kliniki, mbali na kikundi chake cha VICOBA, na yule kijana wa bodaboda hajui aliko.

Na Mangi? Kanuni zinampa mwenye biashara fidia ya faida iliyopotea, faida halisi ya mwezi mara 36, ikithibitishwa inapobidi kwa hesabu zilizokaguliwa. Daftari la Mangi lina majina ya wanaodaiwa na kiasi cha sukari. Hakupata kitu.

Maamuzi makubwa na sababu zake

Mfereji kutangulizwa ulikuwa uamuzi wa mhandisi mmoja aliyeng'ang'ania kwamba huwezi kuuza fremu kwenye eneo ambalo maji yanapita Januari. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara, na faida yake ikawafikia hata majirani wa ng'ambo ya korongo ambao hawakuwa kwenye mradi.

Fremu kugawiwa kwa zabuni kulitetewa kwa jina la uwazi. Ofisi iliogopa kugawa kwa orodha, kwa kuwa orodha za maduka na vizimba huku kwetu zina tabia ya kuota majina usiku. Hofu hiyo naielewa. Lakini zabuni ilikuja na sharti la pango la miezi sita mbele, na ukubwa mmoja wa fremu kwa wote, karibu mita za mraba 20. Fundi cherehani aliyekuwa anatumia mita nne kwenye baraza ya mtu anazifanyia nini 20?

Nusu ya fremu zilitazama ua wa ndani badala ya barabara. Mchoraji alitaka ua wenye uhai, wenye vivuli na viti. Kwenye mchoro ulipendeza.

Kuhusu wapangaji hapakuwa na uamuzi wowote. Sheria zetu za fidia zinamtazama mwenye maslahi katika ardhi, na mpangaji wa mwezi kwa mwezi asiye na mkataba wa maandishi huwa haonekani. Mradi wenye fedha za Benki ya Dunia ungelazimika kuwahesabu, maana masharti yake yanamtambua hata anayekaa bila haki ya kisheria. Huu ulikuwa wa fedha binafsi. Wakapewa notisi na wenye nyumba wao, wengine wiki mbili.

Matokeo

Mvua zilizofuata hazikuingia nyumba yoyote. Fleti zote zina hati au ziko njiani. Hakuna mwenye nyumba aliyelala kwenye turubai akisubiri jengo, na kwa miradi ya namna hii hilo si dogo.

Fremu za barabarani zilijaa ndani ya miezi michache: duka la dawa, wakala wa benki, vifaa vya simu, supamaketi ndogo. Wafanyabiashara wa zamani wa mtaa waliopata fremu walihesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Za ndani zilibaki zimefungwa karibu mwaka, milango ikaanza kushika kutu. Mama lishe na wauza mboga walihamia ng'ambo ya barabara, kwenye hifadhi ya barabara ya mtaa wa jirani, ambako migambo huwafuata.

Hatimaye meneja wa jengo, kijana ambaye nadhani hakusubiri kibali cha mtu, alizigawa fremu sita za ndani kwa mbao na nondo zikawa vizimba, akaruhusu kulipa kwa siku. Fundi cherehani akarudi, saluni ikarudi, muuza genge akapata kona iliyo karibu na ngazi ambako kila mtu wa juu hupita. Vizimba vinalipa kwa jumla zaidi ya fremu zilivyokuwa zikitangazwa.

Kwenye fleti, wenye nyumba wa asili wanaolala humo ni chini ya nusu. Waliobaki wanalalamikia vitu ambavyo kikao hakikuvijadili. Siku za mgao maji hayapandi ghorofa ya tatu kama pampu imezimwa, na hapo ndoo zinapanda kwa kichwa. Mkaa unawashwa kwenye korido kwa sababu jiko limechorwa kwa ajili ya gesi pekee, na moshi umeshachafua dari. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye umeme, na waliozoea mita moja ya LUKU kwa nyumba nzima sasa kila mmoja anaikuta kwenye mita yake.

Msiba wa kwanza ulitokea jengo la pili. Turubai likafungwa kwenye ua wa ndani, masufuria yakakaa mbele ya fremu zilizofungwa, watu wakakesha. Ua wa mchoraji ukapata kazi siku hiyo, ingawa siyo aliyoichora.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilitokana na watu wa mtaa kuwa na kitu cha kukataa. Kuhama mara moja kulikubaliwa kwa kuwa saini zao zilihitajika. Wapangaji na wenye biashara za barazani hawakuwa na saini inayohitajika popote, na kila walichopoteza kilifuata mstari huo. Ushirikishwaji kwa maana ya mikutano ulikuwepo wa kutosha. Mihtasari ipo, picha zipo. Kwangu mimi kipimo cha haraka cha mradi kama huu ni kutazama safu za daftari la mahudhurio.

Kosa kubwa lilikuwa kuichukulia nyumba ya korido kama makazi ya familia moja yenye vyumba vingi. Ile ni nyumba ya biashara ndogo mbili kwa pamoja: duka mbele na kupangisha nyuma. Ukiibadilisha kwa fleti moja ya familia, umempa mtu makazi bora na kumfungia kazi. Hapo kuipangisha au kuiuza fleti ndiyo njia iliyobaki ya kupata tena kipato, na yeyote anayelaumu wenye nyumba kwamba "wamepewa wakauza" angefanya vivyo hivyo.

Tiba yake haikuhitaji fedha za ziada. Kwa thamani ileile, fleti ya vyumba viwili ingeweza kuwa uniti mbili ndogo za chumba na sebule zenye choo ndani. Bibi analala moja, anapangisha nyingine. Au wenye nyumba wanne wangemiliki fremu moja ya barabarani kwa pamoja, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Wawili waliulizia hilo mapema na kujibiwa kwamba mfumo wa mkataba una mstari mmoja tu wa "aina ya fleti".

Kuhusu fremu, sikubaliani na wanaosema tatizo lilikuwa kodi kubwa. Ukigawa kwa mita, vizimba vya meneja yule ni ghali kuliko fremu. Watu walishindwa na miezi sita mbele na mita 20 wasizozihitaji. Mfanyabiashara wa uswahilini analipia kidogo, mara nyingi, karibu na miguu ya watu. Ukimkubalia matatu hayo, bei anaimudu.

Kwenye uchelewaji wa fidia sina la kuwatetea waliosimamia. Uthamini haukupaswa kufanywa kabla fedha hazijaonekana benki. Sheria ya uthamini ya 2016 yenyewe inauhesabu uthamini wa fidia kuwa umepitwa na wakati baada ya miaka miwili, na mradi huu uliponea chupuchupu kurudia kazi yote.

Awamu ya pili ilipofikia

Nyumba za urithi na zile za ukingoni mwa korongo ndizo zilizobaki. Safari hii orodha imeandaliwa na vijana wa mtaa kwa kupita mlango kwa mlango, ikiwa na safu tatu: mmiliki, mpangaji, na shughuli inayofanyika ndani au barazani. Mwekezaji amekubali uniti mbili ndogo badala ya moja kubwa, na theluthi ya fremu kujengwa kama vizimba tangu mwanzo. Amekataa kuwalipa wapangaji posho ya kuhama, anasema siyo mdeni wao. Wenye nyumba nao wanasema mpangaji ni wa mwekezaji, kwa kuwa yeye ndiye anayebomoa. Pendekezo lililo mezani ni notisi ya miezi mitatu bila kodi, gharama igawanywe nusu kwa nusu, na mpangaji wa miaka mitatu au zaidi awe wa kwanza kuulizwa uniti ndogo zitakapoanza kupangishwa. Wenye nyumba 11 wameshasaini kipengele hicho. Mwekezaji ameomba kikao kingine.